Mlenda Haujaota kwa Mtani

Siku Gaudence alipoingia Kibakwe na gambuti zake za kijani, karatasi ya bei bado imebandikwa kwenye kisigino, nilikuwa uani kwangu na wanawake sita tunafunga mafungu ya mchicha. Nikasema, na nikasema kwa sauti, kwamba huyu baba hajawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe tangu azaliwe. Hilda, jirani yangu, alicheka mpaka fungu likamfumuka mkononi.

"Zipora, mdomo wako utakuponza."

"Uniponze nini? Mwangalie anavyotembea. Kama kuku mgeni aliyefungwa kitambaa mguuni."

Uani kwangu ndipo kila habari ya Kibakwe inapopumzika kabla ya kuendelea na safari. Ukitaka kujua nani anaoa, nani amerudishwa kwao na nani anaimba kwaya huku amenuna, njoo Jumamosi, geuza ndoo ukalie, ufunge mboga. Jumamosi kwa sababu ndiyo siku kikundi chetu cha Udongo Hai kinapanga vikapu vinavyokwenda Dodoma mjini kesho yake. Tulikuwa wakulima sita, Gaudence akaja kuwa wa saba. Tunalima mboga na vitunguu bila mbolea ya dukani na bila sumu. Samadi tunaichukua kwenye mazizi ya wafugaji bondeni, tunailaza miezi mitatu mpaka ipoe. Wadudu tunawapigia maji ya mwarobaini na pilipili. Vitunguu vikitoka, kunde zinaingia, udongo upumue. Basi, ndiyo siri yote.

Miaka mitatu ya kwanza kijiji kizima kilinicheka. Walipita barabarani wakisema Zipora anafuga viwavi. Mwaka wa nne, wao wakiwa wamepanga foleni kwenye duka la pembejeo wakimbembeleza muuzaji, mimi nilikuwa juu ya ngazi namwelekeza fundi wapi aanze kupigilia bati jipya. Kicheko kikahama nyumba, na mimi si mtu wa kuficha meno.

Kinachotufanya tuuze kwa bei nzuri ni kibandiko kidogo chenye jani la kijani. Hatupewi na mkubwa yeyote. Tunakipata kwa kukaguana wenyewe. Kila msimu, siku moja, tunazunguka mashamba yote kwa pamoja, na mteja mmoja anakuwepo kushuhudia. Sheria yake ni fupi. Mwanachama akipiga sumu na mtu wa nje akamgundua, kikundi chote kinavua kibandiko mwaka mzima. Lakini mwanachama mwenzake akimtaja kwanza, siku ya ukaguzi, mbele ya wote, anatoka mkosaji peke yake. Sheria hiyo tuliitunga uani kwangu, juu ya ndoo hizo hizo.

Sasa turudi kwa mwenye gambuti. Gaudence alikuwa na kazi Mtumba, kule mji wa serikali Dodoma, kwenye ofisi ambayo hakuwahi kuitaja bila kwanza kurekebisha kola. Alinunua ekari tatu juu ya shamba langu, pale mfereji unapoanzia, ikawa maji yote yanayonywesha vitunguu vyangu yanaamkia kwake. Kulima alijifunza kwenye simu. Alikuwa akija Jumamosi, akiondoka Jumapili, na kati ya hapo alikuwa ametufundisha sisi, watu tuliozaliwa na jembe mkononi, namna ya kushika jembe.

"Mama," aliniambia siku ile ya kwanza, "hapa mimi na ninyi tutajenga mnyororo wa thamani."

"Mnyororo ninaoujua mimi ni wa kufungia mbwa," nikamwambia. "Na hilo jina lako na hiyo lafudhi ni za Iringa. Hilda, hebu ficha mbwa wako asiliwe, Mhehe amefika."

Wanawake wakaacha kufunga mboga. Gaudence naye akafunguka uso wote. "Aa! Kumbe niko kwa Wagogo! Ndiyo maana nilipopita getini nilihisi mfuko unapapaswa."

Ukawa utani tangu hapo. Wagogo na Wahehe ni watani tangu mababu walipochoka kupigana. Mtani anakutukana, unamkaribisha chakula. Mtani anaingia kwako, anakamata jogoo, anaondoka naye, na ukimfuatilia wewe ndiye uliyekosa adabu. Kwa mtani hakuna kununa na hakuna kunyima. Tangu dakika ile Gaudence hakuniita tena mama. Nilikuwa mtani, asubuhi na jioni, kwenye simu na kanisani.

Na nitasema haki yake. Pikapu yake ndiyo iliyobeba vikapu vyetu. Tena alituletea Elieth, mfanyakazi mwenzake huko Mtumba, dada mmoja mwenye sauti nzuri na kucha za kutisha, aliyekusanya oda za ofisi nzima. Vikapu kumi vikawa ishirini, ishirini vikawa arobaini. Mwenyekiti wetu, mzee Gerson, akaanza kutembea amenyooka kama mtu aliyepata meno mapya.

Halafu Elieth akaanza kutuma ujumbe wa sauti.

"Mama Zipora, shikamoo, samahani mama yangu. Chainizi zako zina matundu. Wateja wanalalamika. Hivi haiwezekani ziwe kama za Gaudence?"

Tuliusikiliza ujumbe ule uani mara tatu, kwa starehe tu. Watu wa Mtumba ni watu wa ajabu. Wanataka mboga isiyopigwa dawa, halafu wanataka na kiwavi awe amepata barua ya kuzuiwa kuingia. Wanalipa zaidi ili wasile sumu, na wakiona alama ya meno ya mdudu, ambayo ndiyo risiti yenyewe, wanaishika kwa ncha za vidole na kuuliza kama kuna nyingine. Hilda alisema tuwatumie majani ya plastiki, wayapanguse vumbi kila wiki.

Lakini neno "kama za Gaudence" lilinikaa kooni. Chainizi za Gaudence hazikuwa na tundu hata moja. Aliziweka kwenye kundi la wasap, kapiga picha ameziinua kama mtoto wa ubatizo. Ng'aa, ng'aa, jani zima kama limepigwa pasi. Mimi nimelima miaka kumi na tisa. Najua jani linalolelewa na mwarobaini linafananaje. Linafanana na mimi: zima, lakini limepitia mambo.

Nilinyamaza, si kwa kupenda, maana jani zuri siyo kosa. Kisha mvua zikaanza.

Kwetu mvua za kwanza zikinyesha, kabla hujapanda chochote, mlenda unaota wenyewe. Hakuna anayeupanda, hakuna anayeupalilia. Unaota katikati ya matuta, pembeni ya njia, kila mahali penye udongo mzima, na wanawake tunaingia shamba la yeyote kuuchuma bila kuomba. Wageni wanauita gugu. Sisi tunaukausha, tunausaga, tunaupika na karanga, tunakula mwaka mzima. Kwa hiyo kila Desemba mimi na Hilda tunapita mashamba ya Kibakwe moja moja na vitenge vyetu mgongoni, tukichuma na kusema watu. Kwa Gerson tukajaza. Kwangu tukajaza. Tukapanda juu kwa Gaudence.

Hapakuwa na kitu. Hata mmoja. Ekari tatu za udongo mtupu, mwekundu, umelala kimya kati ya chainizi kama kichwa kilichonyolewa.

Hilda akasimama. "Labda ameng'oa."

"Nani ang'oe? Yeye? Mtu anayevaa glavu kushika limau?" Nikainama nikapapasa udongo. Palikuwa na vijiti vya mlenda vya juzi, vidogo kama uzi, vimekauka vikiwa wima. Havikung'olewa. Vilikufa vimesimama. Nikatazama mfereji, maji yakitoka pale, yakipita kwenye uzio, yakiteremka moja kwa moja kwenye vitunguu vyangu, na kicheko chote kikaniisha.

Nilikwenda kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na maneno, naona."

Nikamweleza. Gerson akajikuna kidevu kwa muda ambao ungetosha kupalilia tuta. Mzee huyu alilima nyanya za dawa miaka kumi na tano kabla hajajiunga nasi. Haikuwa habari ngeni kwake, niliona machoni.

"Mlenda siyo ushahidi, Zipora. Huyo Elieth atauliza mlenda ni nini."

"Basi wewe kapekue stoo yake. Daima ina kufuli."

"Nikapekue kama nani? Na tukimfukuza, vikapu arobaini tutabeba kichwani?" Akashusha sauti. "Tumwache mpaka msimu huu uishe. Tutamwambia taratibu."

"Na maji yangu nayo niyaambie yapite taratibu?"

Mtu mzima, ana mvi za kutosha kuezekea kibanda, anaogopa pikapu.

Basi ukaguzi ulikuwa Jumamosi ya pili ya Januari. Gaudence mwenyewe ndiye aliyeshauri mashahidi waje wengi, kwa hiyo Elieth alikuja na wenzake wawili, wote wamevaa kofia za majani kama wanakwenda kupiga picha ya kalenda. Tukaanza kwangu. Elieth aliona kiwavi, akaruka, akamkanyaga mzee Gerson. Wenzake walipiga picha ya lundo la samadi na kuuliza kama linanuka. Nikawaambia hapana, lile ni la maonyesho.

Tulipofika kwa Gaudence tulikuta turubai, viti na maji ya chupa kwenye ndoo ya barafu. Stoo ilikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, maana viti vilitolewa humo. Wageni wakamwaga sifa. Safi jamani. Hili ndilo shamba la mfano. Elieth akaniangalia kwa huruma, vile unavyomwangalia mtoto wa jirani aliyefeli.

Gaudence akasimama mbele, mikono nyuma. "Siri ni usimamizi," alisema. "Kilimo endelevu ni nidhamu. Wenzetu hapa wana moyo, lakini..." Akatabasamu kwa upande wangu. "Wengine wanalima pamoja na wadudu."

Hapo nikasimama.

"Mtani, mimi nina swali dogo. Udongo wako umenyolewa na kinyozi gani?"

Vicheko. Gaudence akapiga makofi. "Mgogo ameona mahali safi, amechanganyikiwa!"

"Nimechanganyikiwa kweli. Kibakwe nzima mlenda umeota, hata juu ya makaburi umeota. Kwako haujaota. Umeuambia nini?"

"Nimeuambia Zipora anakuja, ukakimbia!"

Wakacheka zaidi. Hilda mwenyewe alicheka, akajiziba mdomo. Nikaona wananiponyoka wote, nikalisema lote, polepole, kama ninavyolisema hapa.

"Shamba hili linapigwa sumu. Nasema mimi, Zipora, mwanachama, siku ya ukaguzi, mbele ya wote. Na maji yake yananishukia mimi."

Sasa sikiliza ujinga wetu. Wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja wa wageni alifuta machozi na kofia. Neno zito kuliko yote niliyowahi kutamka Kibakwe, na kwa sababu limetoka kinywani mwa Mgogo likielekea kwa Mhehe, wote walilipokea kama sahani ya karanga. Gerson peke yake alicheka akiangalia chini. Nilisimama pale nikajisikia mjinga. Miezi saba nimemtukana yule mtu kila siku, nimemwita kila jina, na siku nilipokuwa na jambo la kweli sikuwa na sauti nyingine ya kulisemea.

Gaudence akazidi kunogewa. Mtu akichekewa na wageni huwa hajui pa kusimama.

"Mtani wangu amekasirika! Haya, leo nakufanyia hisani. Wagogo kazi yenu kuomba, mimi leo sitaki uombe. Stoo ile pale. Ingia, chukua chochote unachotaka, kiwe chako. Elieth, shuhudia!"

"Chochote?"

"Chochote, mtani! Hata ukibeba mlango."

Nikaingia. Sikuwa na mpango wowote, nisijisifu bure. Niliingia kwa hasira, nikitaka kubeba kitu kikubwa tu kimuume. Mlikuwa na kreti, mizani, koti la mvua, magunia ya samadi yamepangwa vizuri mno kwa magunia ya samadi. Na nyuma ya magunia, bomba la kupulizia, lile la kubeba mgongoni. Sisi sote tunalo, la mwarobaini. Nikaliinua, likacheza. Lilikuwa na kitu ndani. Nikalivaa mikanda miwili, nikatoka nalo nikicheza, kiuno huku na huku, na Hilda akanipigia kigelegele.

"Mtani, nimepata!"

Gaudence akageuka, kicheko bado kiko mdomoni. Kikafia hapo hapo.

"Hapana, hapana. Siyo hilo. Mama, chukua kitu kingine."

Kigelegele cha Hilda kilikatika katikati. Wageni wa Mtumba waliendelea kutabasamu, wao hawakuwa wamesikia kitu. Lakini sisi tulisikia. Mzee Gerson aliinua uso. Bibi mmoja Mhehe aliyeolewa kwetu, aliyekuwa amekaa kivulini akigawa maji, aliweka chupa chini taratibu.

Hilda ndiye aliyelisema. "Mtani ananyima?"

"Sinyimi," akasema Gaudence. Alikuwa ameshashika mkanda mmoja wa bomba, anavuta. "Ni kwamba, mama, hili ni zito, utaumia."

Mama tena. Mara ya pili. Si mtani. Angenyamaza, angecheka, angeniacha niende nalo mpaka nyumbani, huenda ningelimwaga uani bila kulinusa. Lakini mtu anapoogopa kweli anasahau kucheza, na mtani anayekunyima kitu alichoahidi mbele za watu, basi kitu hicho si kitu cha kuchezea.

"Nimebeba wanne mgongoni, sikuumia," nikamwambia. "Kuna nini humu?"

"Mwarobaini."

"Basi nami nina shida na mwarobaini. Achia."

"Mama, tafadhali."

Nikajipinda, mkanda ukamtoka mkononi. Nikalitua mbele ya Gerson, nikafungua kifuniko. "Mwenyekiti, nusa. Usiniambie mimi, waambie wao."

Gerson aliinama. Hakuhitaji hata kufika chini. Aliinuka amekunja uso kama mtu aliyekutana na jamaa asiyempenda.

"Hii naijua," alisema. "Miaka kumi na tano nimelala nayo chumba kimoja. Hii ni ya kuulia majani." Akamtazama Gaudence. "Ya wadudu iko wapi?"

Hilda alishaingia stoo. Alitoka na chupa mbili, kila moja ameishika shingoni kwa kipande cha gunia.

"Jamani," akasema Gaudence, akapanua mikono, akalitafuta lile tabasamu lake. "Jamani, si utani huu? Mtani wangu, si tunataniana?"

"Utani umeuua mwenyewe uliponiita mama."

Elieth alikuwa amevua kofia. "Kwa hiyo yale majani mazuri..."

"Ndiyo hayo."

"Mwanangu anayala," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Ana miaka miwili. Ndiyo mboga pekee anayoipenda." Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa na la kumwambia nikalimeza.

Mngedhani yameisha. Lakini mtu wa ofisi akikosa pa kukimbilia anakimbilia kwenye sheria. Gaudence alirekebisha kola.

"Sawa," alisema. "Sawa. Na sheria yenu inasemaje? Mtu wa nje akigundua, kikundi chote kinavua kibandiko. Mashahidi hawa hapa, ni watu wa nje, wameona kwa macho yao. Nikitoka mimi mnatoka wote. Au tukae chini kama watu wazima, tumalize."

Lilikuwa pigo zuri, sikatai. Wenzangu walitazamana. Miaka mitatu ya kuchekwa, samadi ya kichwani, kunde nilizopanda mahali ambapo ningepanda vitunguu, yote yakasimama kwenye ncha ya ulimi wa yule mtu. Gerson alianza kufungua mdomo, na nilimjua, alikuwa anakwenda kusema "tukae."

"Mwenyekiti, subiri," nikasema. "Dada Elieth. Kabla sijaingia stoo, nilisema nini?"

"Lini?"

"Hapa, nikiwa nimesimama hapa. Mkacheka. Nilisema nini?"

Elieth alifikiri. Unaona kabisa mtu anarudi nyuma kwenye kicheko chake mwenyewe, anakipekua. "Ulisema... shamba hili linapigwa sumu. Ulisema unasema wewe, mwanachama. Siku ya ukaguzi, mbele ya wote."

"Ulinisikia?"

"Nilisikia. Nilicheka," akasema, na kwa heshima yake hakuangalia pembeni, "lakini nilisikia. Sote tulisikia."

"Basi amegunduliwa na nani kwanza?"

Bibi wa kivulini akaanza kucheka peke yake, kicheko cha tumboni. "Mwanangu Gaudence," alimwambia kwa Kihehe kwanza, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili tufaidi wote, "umetuaibisha mara mbili. Umedanganya, na umemnyima Mgogo bomba."

Mikono ikapanda kumtoa. Hilda, mimi, wengine watatu. Gerson alikuwa wa mwisho, aliuinua wake polepole, akiuangalia ule upande pikapu ilipokuwa imeegeshwa, kama mtu anayeagana na ng'ombe.

Kisha nikasema jambo ambalo Hilda hajanisamehe mpaka leo. Nikasema matuta yangu matatu yanayogusa mfereji nayo yasiwekewe kibandiko msimu ule, maana sijui yamekunywa nini. Hakuna aliyeniuliza. Ila ningelala vipi, na mdomo huu?

Wageni waliondoka mapema, kwa bajaji na kisha basi, maana hakuna aliyetaka kupanda pikapu. Turubai lilibaki. Barafu iliyeyuka ndani ya ndoo.

Siwezi kusema mambo yakawa mazuri. Vikapu arobaini vilishuka vikawa kumi na tisa, kwa sababu watu wa Mtumba waliposikia habari ya sumu waliogopa sana kwa wiki mbili, kisha wengi wakarudi sokoni kununua majani yasiyo na matundu kwa mtu wasiyemjua, na roho zao zikatulia. Waliobaki ni wale kumi na tisa. Vikapu vyao vinakwenda kwa basi la alfajiri, juu ya keria, na Gerson ndiye anayevipandisha, adhabu yake hiyo, nilimpa mimi. Elieth anavipokea stendi mwenyewe. Hajalalamikia matundu tena. Mwezi uliopita alituma ujumbe wa sauti, tukausikiliza mara tatu kama kawaida. Anauliza kama tunaweza kumwekea na mlenda mkavu, mtoto ameupenda. Tukamwekea. Sasa wanane wanauagiza. Mboga ambayo hakuna aliyeipanda, haihitaji maji wala samadi, wala haijui hata kama inalimwa, ndiyo inayotupa faida kuliko chainizi zote. Nilicheka siku nzima.

Bomba linaning'inia uani kwangu juu ya msumari, tupu, kifuniko kimetolewa. Hatulitumii. Wageni wakiuliza ni la nini, Hilda anasimulia, na kila akisimulia ekari za Gaudence zinaongezeka. Mara ya mwisho zilifika kumi.

Gaudence hakuuza shamba. Alimtuma mtu kunidai bomba, nikamwambia amwambie kwamba mtani hadai. Baadaye akanipigia mwenyewe, sauti tamu, "Mtani, hujambo," kana kwamba neno lile bado lilikuwa kwenye mfuko wake alipoliacha. Alitaka kujua ni lini anaweza kurudi kikundini. Semina alishahudhuria, alisema. Cheti anacho.

"Cheti kikae," nikamwambia. "Mlenda ukiota kwako, umerudi. Usinipigie. Mimi napita huko kila mvua, nitauona mwenyewe."

Mvua zina wiki tatu tangu zianze. Jana mimi na Hilda tulipita, vitenge mgongoni. Udongo mwekundu, umenyolewa vile vile. Lakini nyuma ya choo, pale ukuta unapokata kona na mkono wa bomba jipya haukufika, ulikuwepo mmoja, mrefu, umestawi, majani mapana.

Hilda akanyoosha mkono auchume.

"Uache," nikamwambia. "Ndiyo mwanachama pekee aliyebaki huku."